Kutoka Kizimbani Delmas hadi Cheti cha Ndoa: Historia ya Haki za Wapenzi wa Jinsia Moja Afrika Kusini

Tarehe 30 Novemba 2006 Afrika Kusini ikawa nchi ya tano duniani, na ya kwanza barani Afrika, kuruhusu watu wawili wa jinsia moja kufunga ndoa kisheria. Zilitangulia Uholanzi mwaka 2001, Ubelgiji mwaka 2003, kisha Hispania na Kanada mwaka 2005. Ufaransa ilifuata mwaka 2013, na Marekani nzima ikangoja hadi 2015. Mpangilio huo wa miaka unapaswa kumpa mtu nafasi ya kufikiri kabla ya kusema, kama tunavyosikia vijiweni na hata kwenye mimbari, kwamba haki hizi Afrika iliagizwa tu na Wazungu kuzikubali, nayo ikatii.

Afrika Kusini ilifikaje huko mapema hivyo, ilhali wananchi wake wengi ni watu wa dini na wa mila kama sisi? Jibu linapatikana katika mapambano dhidi ya ubaguzi wa rangi. Haki ya ndoa ilizaliwa gerezani na kizimbani, miongoni mwa watu waliokuwa wakitafuta uhuru wa wote, wakalazimika kujiuliza kama neno "wote" lina mipaka.

Sheria iliyoshuka melini, 1652–1948

Waholanzi walipoweka kituo chao katika Rasi ya Matumaini Mema mwaka 1652, walishuka na mizigo yao pamoja na sheria zao. Katika sheria hizo, tendo la ndoa kati ya wanaume wawili lilikuwa kosa la kuuawa. Mwaka 1735, katika Kisiwa cha Robben, wafungwa wawili walishtakiwa kwa kosa hilo: Claas Blank, Mkhoikhoi, na Rijkhaart Jacobsz, baharia wa Kiholanzi. Mmoja mweusi na mwingine mweupe, wote walikutwa na hatia na wakatoswa baharini. Zaidi ya miaka 200 baadaye kisiwa hichohicho kikawa gereza la Nelson Mandela.

Waingereza walipoitwaa Rasi hawakuifuta sheria hiyo. Adhabu ilipungua makali, kosa likabaki. Maisha nayo yakaendelea kwa namna yake. Dhahabu ya Witwatersrand ilivuta maelfu ya vibarua kutoka Msumbiji na sehemu nyingine za kusini mwa Afrika, wakawekwa katika kambi za wanaume watupu, mbali na wake na familia zao. Humo palizuka utaratibu wa wachimbaji wazoefu kuchukua vijana kuwa "wake wa mgodini", wenye kazi za nyumbani, zawadi na masharti yake. Baadhi ya mahusiano hayo yalikuwa ya hiari na mengine ya kulazimishana. Mwaka 1907 serikali ilifanya uchunguzi juu ya jambo hilo. Maofisa walijua kinachoendelea, lakini dhahabu iliendelea kutoka, na kambi zikabaki zilivyokuwa. Kwa hiyo jambo hili halikuwa geni hata zama za babu zetu. Kilichokosekana ni mtu wa kulisema hadharani akabaki salama.

Serikali iliyochagua nani ampende nani, 1948–1976

Chama cha Makaburu kilipoingia madarakani mwaka 1948, moja ya kazi zake za kwanza ilikuwa kuingia vyumbani mwa watu. Mwaka 1949 ilipitishwa sheria ya kupiga marufuku ndoa kati ya Wazungu na watu wa rangi nyingine. Mwaka 1957 ikaja Sheria ya Uasherati, iliyoendeleza marufuku ya mapenzi kati ya Mzungu na asiye Mzungu. Polisi waliingia majumbani usiku na kupekua mashuka ya watu wakitafuta ushahidi.

Mashine hiyohiyo iligeuzwa dhidi ya wapenzi wa jinsia moja. Januari 1966 polisi walivamia sherehe katika nyumba moja ya Forest Town, mtaa wa matajiri jijini Johannesburg, wakakuta wanaume wapatao 300, wengine wakicheza muziki pamoja. Serikali ilitaharuki, maana hao walikuwa Wazungu, watu ambao siasa nzima ya nchi ilidai kulinda usafi wao. Lilitolewa pendekezo la kuharamisha mahusiano yote ya jinsia moja, ya wanaume na ya wanawake. Mwaka 1968 kundi la wanasheria na watu wa tabaka la kati lilichanga fedha, likaajiri mawakili na kutoa hoja mbele ya kamati ya Bunge. Walifaulu kuuzuia mpango mkubwa, lakini Sheria ya Uasherati ilirekebishwa mwaka 1969. Umri wa ridhaa kwa wanaume ulipandishwa kutoka miaka 16 hadi 19, na kikaongezwa kifungu cha 20A kilichokataza wanaume kuamshana ashiki "katika sherehe". Sherehe yenyewe ilitafsiriwa kuwa tukio lolote lenye watu zaidi ya wawili.

Upuuzi wa kifungu hicho ulidhihirika katika miaka ya themanini. Ofisa wa polisi mwenye cheo cha meja aliingia katika chumba kidogo cha nyumba ya mvuke Johannesburg, akawasha taa. Wanaume wawili waliokuwemo wakaruka, huyu huku na yule kule. Walishtakiwa chini ya kifungu cha 20A, na hoja ikawa kwamba meja mwenyewe ndiye mtu wa tatu aliyekifanya chumba kuwa sherehe. Mahakama ilikataa. Lakini sheria iliendelea kuwepo, na jeshini vijana wa Kizungu walioshukiwa walipelekwa hospitali, ambako baadhi yao walipigwa shoti za umeme kwa madai ya kuwaponya.

Mapenzi ya mweusi na mweupe, na mapenzi ya wanaume wawili: Makaburu waliyashughulikia yote katika sheria moja, ile ya Uasherati. Waafrika Kusini walioishi chini ya sheria hiyo walijua kwa uzoefu wao wenyewe maana ya serikali kumchagulia mtu wa kumpenda.

Mshtakiwa wa Delmas, 1984–1988

Simon Nkoli alizaliwa Soweto mwaka 1957. Alipomweleza mama yake kwamba anampenda mwanamume, mama alimpeleka kwa waganga wa jadi, kisha kwa kasisi, na hatimaye kwa mtaalamu wa saikolojia. Nkoli aliingia katika siasa za wanafunzi, akawa kiongozi katika COSAS, umoja wa wanafunzi weusi. Habari zake zilipojulikana, wenzake walijadili kama bado anafaa kuongoza. Wakapiga kura, na walio wengi wakaamua abaki.

Aidha, alijiunga na GASA, chama cha wapenzi wa jinsia moja kilichoundwa mwaka 1982. Wanachama wake wengi walikuwa Wazungu waliosema hawataki siasa. Mikutano na starehe zao zilifanyika mahali ambapo mtu mweusi hakuruhusiwa kuingia. Mwaka 1984 Nkoli akaanzisha ndani yake kundi la Jumamosi, ili vijana weusi wapate pa kukutana.

Septemba mwaka huohuo vitongoji vya Vaal vililipuka kwa sababu ya kupandishwa kodi za nyumba. Watu waliuawa, jeshi likaingia mitaani, na Nkoli akakamatwa. Mwaka 1985 yeye na wenzake 21, wakiwemo Mosiuoa Lekota na Popo Molefe wa UDF, muungano wa kupinga ubaguzi wa rangi, walishtakiwa kwa uhaini na mauaji, makosa ambayo adhabu yake ingeweza kuwa kitanzi. Kesi hiyo, iliyoanza katika mji mdogo wa Delmas, iliendelea kwa miaka mitatu.

Gerezani ukazuka mjadala juu ya mahusiano ya kimapenzi kati ya wafungwa, na baadhi ya wenzake wakayalaani kwa maneno makali. Nkoli angeweza kunyamaza. Badala yake alisimama na kuwaambia kwamba yeye mwenyewe ni mmoja wa hao wanaowasema. Ghasia ikazuka. Wapo waliotaka ashtakiwe peke yake, wakihofia waendesha mashtaka wangetumia habari hiyo kuwachafua wote. Wakabishana kwa siku nyingi, na mwishowe wakakubaliana kubaki pamoja kizimbani.

GASA nayo haikumtetea. Kwa viongozi wake, Nkoli alikuwa mtuhumiwa wa siasa na kesi yake haikuwahusu. Mashirika ya ng'ambo yaliona tofauti: barua na salamu zilimiminika gerezani kutoka Ulaya na Kanada, na kimya cha GASA kikakigharimu uanachama wake katika umoja wa kimataifa. Hapo wapiganaji wenzake Nkoli wakajionea wenyewe kwamba kijana huyu alikuwa na marafiki wanaoupinga ubaguzi wa rangi kwa dhati.

Novemba 1988 Nkoli aliachiwa huru. Lekota na Molefe walipatikana na hatia, na hukumu yao ikatenguliwa mwaka uliofuata. Baadaye Lekota alikiri kwamba kuishi na Nkoli gerezani kulimfundisha jambo: mtu aliyeweka bega lake chini ya mzigo mmoja nawe, utamwambiaje kwamba uhuru ukija yeye haumhusu? Katika jopo la mawakili waliowatetea Delmas walikuwamo Arthur Chaskalson na Zak Yacoob. Tutakutana nao tena.

Swali kwa wapigania uhuru, 1987–1990

Nje ya nchi, ANC ilikuwa ikiandaa sura ya Afrika Kusini mpya. Watanzania waliifahamu ANC hiyo kwa karibu kupitia makazi yake ya Mazimbu na Dakawa mkoani Morogoro. Makao yake makuu wakati huo yalikuwa Lusaka. Mwaka 1987 Ruth Mompati, mmoja wa viongozi wake wa juu, aliulizwa na mwanaharakati Peter Tatchell jijini London msimamo wa chama kuhusu wapenzi wa jinsia moja. Mompati alijibu kwamba jambo hilo si la maana kwa mapambano. Jibu lilipochapishwa, malalamiko yakatoka kwa marafiki wa ANC wa nchi mbalimbali, watu waliokuwa wakisusia machungwa ya Makaburu na kuandamana kila wiki. Kabla mwaka haujaisha, Thabo Mbeki aliandika kutoka Lusaka kwamba ANC inapinga ubaguzi wa aina hiyo pia.

Shinikizo la nje lilisaidia, lakini lingetoka kapa bila watu wa ndani. Cape Town, OLGA, kikundi cha wapenzi wa jinsia moja, kilijiunga na UDF. Daktari Ivan Toms, aliyekuwa akiwatibu maskini wa Crossroads, alifungwa mwaka 1988 kwa kukataa kulitumikia jeshi la ubaguzi, naye hakuficha kwamba anapenda wanaume. Johannesburg, Nkoli akaanzisha GLOW, chama cha weusi na weupe pamoja. Tarehe 13 Oktoba 1990, miezi minane tu baada ya Mandela kutoka gerezani, GLOW iliongoza maandamano ya kwanza ya aina yake katika Afrika. Walijitokeza watu wapatao 800. Baadhi walivaa mifuko ya karatasi kichwani, imetobolewa matundu ya macho, wasije wakatambuliwa na mwajiri au mjomba. Nkoli aliwaambia kwamba weusi wake na mapenzi yake ni kitu kimoja ndani ya mwili mmoja, na hawezi kupigania kimoja akakiacha kingine.

Kando yake alikuwa Beverley Ditsie, binti wa Soweto. Baada ya sura yake kuonekana kwenye televisheni alitishiwa nyumbani kwao. Miaka mitano baadaye, katika mkutano wa Umoja wa Mataifa kuhusu wanawake uliofanyika Beijing, Ditsie alisimama kudai haki za wanawake wanaopenda wanawake zitambuliwe kuwa haki za binadamu.

Kifungu cha tisa, 1991–1996

Vyama vilipokaa mezani Kempton Park kuandika katiba ya mpito, hoja ilikuwa imekwisha kulimwa. Rasimu ya haki iliyotolewa na ANC mwaka 1990 tayari ilitaja mwelekeo wa kimapenzi. Miongoni mwa walioisukuma alikuwa Albie Sachs, mwanasheria aliyepoteza mkono wa kuume na uwezo wa kuona kwa jicho moja katika bomu la makachero wa Makaburu jijini Maputo mwaka 1988. Upande wa wanasheria waliobaki nyumbani, Edwin Cameron alijenga hoja kwamba kipimo cha kweli cha katiba mpya ni jinsi itakavyowalinda wale wasiopendwa na wengi.

Katiba ya mpito ilianza kazi tarehe 27 Aprili 1994, siku ya uchaguzi wa kwanza wa wote, na ilikuwa ya kwanza duniani kukataza kwa maandishi ubaguzi wa mtu kwa mwelekeo wake wa kimapenzi. Kisha ikaja kazi ya katiba ya kudumu. Chama cha Kikristo cha ACDP kilitaka maneno hayo yaondolewe. Askofu Mkuu Desmond Tutu aliandika kwa Bunge la Katiba mwaka 1995 kuomba yabaki, akitambua kwamba makanisa yenyewe hayakubaliani juu ya maadili ya jambo hili. Mwezi Desemba 1996, Mandela alitia saini katiba hiyo huko Sharpeville, mahali ambapo polisi waliwaua watu 69 mwaka 1960. Maneno yale yalikuwamo, katika kifungu cha 9.

Ngazi kwa ngazi mahakamani, 1997–2003

Katiba ilikuwa imeandikwa, lakini sheria za zamani zilikuwa bado vitabuni. Muungano wa kitaifa wa vyama vya wapenzi wa jinsia moja, ulioundwa mwishoni mwa 1994, ulichagua subira. Hawakukimbilia ndoa. Walianza na jela, kwa sababu ni vigumu kudai cheti cha ndoa ikiwa kulala na mwenzako ni kosa la jinai.

Tarehe 9 Oktoba 1998 Mahakama ya Katiba ilifuta kosa la kale la Waholanzi pamoja na kifungu cha 20A. Rais wa mahakama hiyo alikuwa Arthur Chaskalson, yule wakili wa Delmas, na mmoja wa majaji alikuwa Albie Sachs. Nkoli alikuwa mgonjwa. Alifariki kwa UKIMWI tarehe 30 Novemba 1998, wiki saba baada ya hukumu. Ndani ya siku kumi, Zackie Achmat na wenzake walianzisha TAC, kampeni iliyokuja kuilazimisha serikali kutoa dawa za VVU. Waliomlilia waliendeleza kazi yake katika uwanja mwingine.

Kesi zilizofuata zilipanda ngazi moja baada ya nyingine. Mwaka 1999 mgeni mwenye mwenza wa jinsia moja raia wa nchi aliruhusiwa ukaazi kama mke au mume. Mwaka 2002 Jaji Kathleen Satchwell alipata haki ya mwenza wake kunufaika na mafao ya majaji, na mwaka huohuo wanawake wawili waliolea watoto pamoja wakaruhusiwa kuwaasili wote wawili. Mwaka 2003 mahakama ikasema watoto waliopatikana kwa kupandikizwa mbegu ni wa wazazi wote wawili.

Kufikia hapo, wapenzi wa jinsia moja waliweza kuishi pamoja, kurithi mafao na kulea watoto kihalali. Kilichobaki ni ndoa yenyewe.

Wanawake wawili wa Pretoria, 2002–2005

Wanaharakati walitaka kesi ya ndoa ingoje. Marié Fourie na Cecelia Bonthuys wa Pretoria, waliopendana tangu 1994, hawakuwa wanaharakati. Walitaka tu kuoana. Mahakama Kuu iliwakatalia mwaka 2002. Wakakata rufaa, na tarehe 30 Novemba 2004 Mahakama ya Juu ya Rufani ikawaunga mkono katika hukumu iliyoandikwa na Edwin Cameron, wakati huo akiwa jaji.

Kizuizi kilikuwa kidogo mno kwa macho. Sheria ya Ndoa ya 1961 ilimtaka mfungisha ndoa amuulize kila mmoja, mbele ya mashahidi, kama anamkubali mwenzake kuwa mke wake halali, au mume wake halali. Hapakuwa na swali lingine. Fourie angesimama mbele ya meza hiyo na Bonthuys kando yake, na ofisa asingekuwa na maneno ya kuwaambia.

Mahakama ya Katiba ilitoa uamuzi tarehe 1 Desemba 2005, ukiandikwa na Sachs; Zak Yacoob, wakili mwingine wa Delmas, alikuwa miongoni mwa majaji. Hukumu ilisema kwamba kuwafungia watu hawa mlango wa ndoa ni kuwatangazia kuwa mapenzi yao na utu wao vina thamani pungufu. Papo hapo ilisema kwamba kanisa, msikiti au hekalu haliwezi kulazimishwa kufungisha ndoa linayoona ni kinyume cha imani yake. Bunge lilipewa miezi 12. Likishindwa, swali la sheria ya 1961 lingeongezewa lenyewe neno "mwenza" na ndoa zingeanza. Jaji Kate O'Regan peke yake alipinga kusubiri, akitaka haki itolewe siku hiyohiyo.

Mwaka wa mabishano, 2006

Serikali ilileta muswada uliowapa wapenzi wa jinsia moja muungano wa pembeni, wenye haki za ndoa bila jina la ndoa. Wananchi wa rangi zote waliujua mtindo huo. Walikuwa wamekulia katika nchi yenye benchi mbili kwenye kila kituo cha treni.

Kamati ya Bunge ilizunguka mikoani kusikiliza watu. Ukumbi baada ya ukumbi, waliopinga walikuwa wengi: wachungaji, mashehe, machifu, wazazi. Wengine walitaka katiba ibadilishwe. Septemba, Jacob Zuma, wakati huo naibu kiongozi wa ANC, aliziita ndoa hizo aibu kwa taifa na kwa Mungu; baada ya kulaumiwa, aliomba radhi. Mwishowe muswada ulirekebishwa: watu wawili, wawe wa jinsia moja au tofauti, wangechagua wenyewe kuita muungano wao ndoa au ubia wa kiraia. Ofisa wa serikali mwenye pingamizi la dhamiri aliruhusiwa kukataa kuwafungisha watu wa jinsia moja.

Tarehe 14 Novemba 2006 ulijadiliwa bungeni. Miongoni mwa waliosimama kuutetea alikuwa Waziri wa Ulinzi, Mosiuoa Lekota, mshtakiwa mwenza wa Nkoli. Aliwakumbusha wabunge kwamba watu hawa walikuwa nao uhamishoni na walikuwa nao magerezani, kisha akauliza watawezaje kufurahia haki walizozipigania pamoja na kuwanyima wenzao. ANC iliwataka wabunge wake wauunge mkono. Kura zikawa 230 za ndiyo, 41 za hapana, na watatu hawakupiga.

Sheria ilianza kazi tarehe 30 Novemba 2006, siku moja kabla ya muda wa mahakama kuisha, miaka minane kamili tangu Nkoli afariki. Kesho yake, katika mji wa George, wanaume wawili walifunga ndoa ya kwanza.

Sheria mbele, jamii nyuma, 2006 hadi leo

Mwaka huohuo wa sheria, mwezi Februari, msichana Zoliswa Nkonyana wa miaka 19 alipigwa na kundi la vijana hadi kufa karibu na kwao Khayelitsha, kwa sababu alipenda wanawake. Kesi iliahirishwa mara kwa mara. Adhabu ya wauaji ilitolewa mwaka 2012. Aprili 2008, Eudy Simelane, aliyewahi kuichezea timu ya taifa ya soka ya wanawake, Banyana Banyana, alibakwa na kuuawa KwaThema. Februari 2025, Imamu Muhsin Hendricks wa Cape Town, aliyewahudumia Waislamu waliotengwa kwa mapenzi yao, alipigwa risasi na kuuawa akiwa ndani ya gari huko Gqeberha. Anayesema sheria imemaliza kazi hajahudhuria mazishi hayo.

Hata ofisi za serikali zilichelewa. Kwa miaka mingi, wapenzi katika miji midogo walifika kwenye ofisi za Mambo ya Ndani wakaambiwa hakuna ofisa wa kuwafungisha, maana wote walikuwa wamejiandikisha kuwa na pingamizi la dhamiri. Mbunge Deidre Carter wa COPE, chama kilichoongozwa na Lekota, alipeleka muswada wa kuondoa ruhusa hiyo, nao ukawa sheria mwaka 2020.

Na mioyo ya watu? Utafiti wa kitaifa wa taasisi ya HSRC uliotolewa mwaka 2016 ulionyesha kwamba asilimia 72 ya Waafrika Kusini waliona mahusiano ya jinsia moja ni makosa kimaadili. Lakini asilimia 51 walikubali kwamba watu hao wapewe haki sawa za kibinadamu na raia wengine. Ina maana kwamba mamilioni ya watu wanashikilia mambo mawili pamoja: sikubaliani na maisha yako, ila sitaki unyang'anywe haki zako. Kwangu mimi, huo ndio ukomavu mkubwa zaidi katika historia hii nzima.

Historia hii inatudai nini

Kwetu Afrika Mashariki njia imeelekea kwingine. Uganda ilipitisha mwaka 2023 sheria inayofika hadi adhabu ya kifo. Mahakama Kuu ya Kenya ilikataa mwaka 2019 kufuta vifungu vya mkoloni, ingawa Mahakama ya Juu ilikubali mwaka 2023 kwamba watu hawa wana haki ya kusajili shirika lao. Tanzania ingali na kifungu cha adhabu kali kilichoachwa na Waingereza. Wakati huohuo Msumbiji na Botswana, majirani wa Afrika Kusini, pamoja na Angola, wote wenzetu katika ukombozi wa kusini mwa Afrika, zimeacha kuwafunga watu kwa mapenzi yao.

Msomaji anaweza kubaki na imani yake yote juu ya ndoa. Hakuna jaji wa Afrika Kusini aliyeitaka dini ibadili mafundisho, wala Tutu hakuomba hivyo. Swali lililoamuliwa kule lilikuwa jingine: je, dola ina haki ya kumpa raia mmoja cheti na kumnyima mwingine anayelipa kodi ileile na aliyefungwa gereza lilelile kwa ajili ya uhuru uleule? Washtakiwa wa Delmas walilijibu miaka 20 kabla ya Bunge lao, walipokataa kumtenga mwenzao kizimbani. Nasi tunalo la kujibu, na tuanze na lililo dogo kabisa: mtoto wa jirani akijulikana kuwa anapenda wa jinsia yake, asipigwe, asifukuzwe, asiuawe. Hilo halihitaji mahakama wala Bunge. Linawezekana leo.